Theluthi Bila Tanuri

Ozias Hubbell alifariki bila kuacha wosia, mtu ambaye aliandika hata ng'ombe wake amepandwa lini. Basi mahakama ikafanya inavyofanya siku zote katika koloni letu hili la Massachusetts: ikatuma wanaume watatu waaminifu, wenye mashamba yao, waje wamkatie mjane theluthi yake. Theluthi yenyewe ni ya kutumia tu, si ya kuuza wala kurithisha; mjane akifumba macho, yote yanamrudia mtoto wa kiume. Mindwell, mkewe Ozias, hakujaliwa mtoto aliyeishi. Mtoto wa kiume alikuwa Eliakim, wa mke wa kwanza, na Mindwell ndiye aliyemlea tangu angali mdogo wa kubebwa mgongoni.

Wale watatu walivuta mnyororo wao wa kupimia kutwa nzima. Wakampa Mindwell kipande cha majani kando ya mto na mteremko wa mitufaha, aliyoipandikiza mwenyewe mmoja mmoja alipokuwa bibi harusi. Kisha wakaingia ndani na viatu vyao vya tope, wakaigawa nyumba. Chumba cha magharibi kikawa chake, na nusu ya ghala la chini, na haki ya kupita jikoni kwenda kisimani saa yoyote, mchana au usiku. Shemasi Abner Loomis, kiongozi wao, aliyasoma yote hayo kwa sauti ya kanisani. Halafu wakanywa pombe ya tufaha ya marehemu, wakaenda zao.

Tanuri hawakulitaja. Hawakuwa na ubaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Tanuri la nyumba ile lilijengwa ndani ya ukuta wa meko ya jikoni, upande aliopewa Eliakim, na wanaume wale walikuwa wamekula mkate tangu walipoota meno bila hata siku moja kujiuliza umetoka wapi.

Jumamosi ya kwanza, siku ya kuoka, Mindwell aliingia jikoni na kinyunya chake kimeshaumuka. Tirzah, mke wa Eliakim, alikuwa amesimama mbele ya tanuri, mikono ndani ya aproni.

"Samahani, Mama," alisema. "Bwana Hubbell kasema hati haikutaja tanuri."

"Bwana Hubbell yupi? Huyu niliyekuwa namfuta makamasi?"

"Huyo huyo." Tirzah alibana midomo asicheke.

Eliakim mwenyewe aliyasema mambo yake jioni, akiwa mlangoni, kofia mkononi. "Mimi sikufukuzi, Mama. Sheria ndiyo iliyosema. Ukiona taabu, nitilie saini tu, theluthi inirudie, nikupeleke kwa dada yako kule Hadley kwa mkokoteni wangu mwenyewe."

"Nikakae kwenye jiko la mtu mwingine."

"Hata hapa ni jiko la mtu mwingine."

Neno hilo lilimchoma Mindwell. Alikuwa amepika katika jiko lile tangu ujana wake, na sasa alikuwa na ruhusa ya kulipita tu, kama mbwa wa jirani. Wala hakuwa mjinga. Alijua akishatia saini, hataiona tena mitufaha yake ila kwa kuomba.

Akaenda kwa Shemasi Loomis kuomba tanuri liongezwe kwenye hati.

"Imeshaandikishwa, dada yangu," Shemasi alisema, na kweli alionekana kuona haya. "Tukifungua ya mmoja, wajane wa bonde zima watatujia na vyungu vyao."

"Jumapili ulitusomea habari ya mjane wa Sarepta, aliyemwokea nabii mkate."

"Naam. Unga wake haukupunguka."

"Wangu pia haupunguki, Shemasi. Pipa limejaa. Ila yeye alikuwa na pa kuuokea."

Shemasi akamwahidi kumwombea.

Majira yale ya baridi Mindwell alikula mkate wa majivuni. Chumba chake kilikuwa na meko ndogo ya kuotea moto wageni, na humo alifukia mabonge yake ya unga wa mahindi na wa rai, ile nafaka ya nchi za baridi, ndani ya majivu ya moto, akayatoa yameungua nje na mabichi ndani. Akala, akakonda. Eliakim alikuwa anangoja tu. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hapa mwenye kungoja alikuwa ameshiba, na tumbo lililoumia lilikuwa la mwingine. Sijui kama alijiona mkatili. Nadhani alijiona mtu anayefuata hati.

Jumamosi moja Mindwell alikuwa akipita jikoni na ndoo yake, haki yake hiyo, Tirzah akasema bila kuinua macho, "Mikate yangu nimeshaitoa, na tanuri bado lina moto. Mimi nakwenda kukamua. Mtu akipita hapa na kitu mkononi, mimi sikuwepo."

Mindwell akaiweka ndoo chini. Tangu siku hiyo Tirzah akawa na ng'ombe wagumu sana kukamuliwa kila Jumamosi, na tumbo lake likizidi kukua, maana alikuwa na mimba yake ya kwanza.

Haikudumu. Eliakim alirudi mapema kutoka msituni, miguu imemfa ganzi, akamkuta mama yake wa kambo anatoa mkate tanurini.

"Unafanya nini hapa?"

"Napita kwenda kisimani."

"Na huo mkate?"

"Nao unapita."

Hakucheka. Tirzah aliingia na maziwa, na mumewe akamgeukia. "Kumbe ni wewe. Basi kuanzia leo tanuri hili halifunguliwi mpaka niwepo."

Mindwell alimtazama Tirzah, uso umemshuka, mimba mbele, akaona kwamba ugomvi huu sasa utalala kitanda kimoja na yule binti. "Mwache mkeo," alisema. "Lete hiyo karatasi, Eliakim, nitie saini. Nimechoka kula majivu."

Eliakim akapiga hatua kwenda kwenye kabati.

"Kabla hajatia saini, Bwana Hubbell," Tirzah alisema, "nionyeshe changu."

"Chako nini?"

"Chumba changu. Utakapokufa."

"Nani anakufa hapa?"

"Baba yako naye alisema hivyo hivyo." Akaweka maziwa mezani, akaanza kuzunguka jikoni, akigusa kuta kwa kiganja. "Watanipa kile cha magharibi? Kisimani nitapitia hapa? Na huyu," akashika tumbo, "akiwa wa kiume, akaoa, mkewe atanisimamia hapa mlangoni mwa tanuri? Nieleze sasa, nizoee mapema."

Hakupaza sauti hata kidogo. Eliakim alilitazama jiko lake ukuta hadi ukuta, jinsi wale watatu walivyolitazama, akamtazama mkewe aliyesimama katikati yake. Kabatini hakufika.

Mkate ulikuwa ungali mikononi mwa Mindwell, unamchoma kupitia aproni, na hakuna aliyemwambia auweke chini.

Mwishowe Eliakim akavuta kiti, akakaa, akainamisha uso.

"Kata mkate, Mama," alisema.

Mindwell akakata. Kipande cha kwanza alimpa Tirzah.