Mikono Kifuani

Binti yangu alikuwa na miaka tisa aliponiomba ajiunge na jimnastiki, na kwa miezi miwili nilikataa. Mimi ni mshonaji. Kazi yangu ni ya kukaa kitako, na mchezo wowote wa kugeuza kichwa chini miguu juu hunipa homa. Mwishowe nilikubali kwa sharti moja: kila Jumamosi nitakuwepo, nikitazama kwa macho yangu.

Walifanyia mazoezi katika ukumbi wa parokia, hapa hapa Lubumbashi, mitaa miwili kutoka kwetu. Sakafu ni ya saruji. Kocha, mwalimu mstaafu, mwembamba, mwenye sauti ya chini, hakuwa na magodoro ya dukani, basi kila mzazi alileta gunia lililojaa mabaki ya sponji, na mimi nikapewa kazi ya kuyashona yote yawe magodoro. Nilinung'unika kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hata hivyo niliyashona kwa uzi wa nailoni, mara mbili, na pembeni mara tatu. Kusema kweli nilifurahi, maana wasiwasi wangu ulipata kazi ya kufanya.

Wiki za kwanza watoto hawakuruka chochote. Walijifunza kuanguka tu: unachuchumaa, unabana kidevu, unakunja mikono kifuani, unajiviringisha kwa mgongo. Kocha alitueleza kuwa anayeanza akianguka nyuma huku amenyoosha mkono, uzito wote humwangukia kwenye kifundo au kiwiko, na hapo ndipo watoto huvunjika. Wengine walishika haraka. Wangu, kila alipokwenda nyuma, alirusha mikono kutafuta sakafu. Wenzake walipoanza kupanda sanduku la mbao ili wajiangushe kutoka juu, yeye alibakizwa chini, amenuna.

Nami kutoka kwenye benchi nilikuwa namsaidia, ndivyo nilivyodhani. Nilimpigia kelele aweke mikono. Tangu alipoanza kutembea ndivyo nilivyomfundisha, ukianguka tanguliza mikono, uokoe uso. Na sauti yangu si ya kunong'ona, sokoni wananijua.

Jumamosi moja kocha alinijia polepole. Nilidhani amekuja kunifukuza, nikaandaa maneno makali. Kumbe aliniuliza kama nimewahi kuyalalia yale magodoro niliyoyashona. Nikamjibu kwamba kwangu nina kitanda. Wazazi wakacheka. Naye akasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, akanionyesha godoro kubwa katikati ya ukumbi.

Ningekataa, lakini mwanangu alikuwa ananitazama. Nilivua ndala, nikakaza kitenge, nikachuchumaa huku magoti yakilia, nikajiachia nyuma. Mshono ulishika vizuri. Tatizo lilikuwa mkono wangu wa kulia, uliokimbilia nyuma wenyewe kabla sijaufikiria, na maumivu yakapanda hadi begani.

Kocha aliniinua, akakipapasa kifundo, akakuta ni kizima. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo, watoto wasisikie:

"Mama, mutoto anakusikia weye kupita miye. Ukisema mikono, naye anapeleka mikono."

Niliona haya. Nilikasirika pia, kwa sababu alisema kweli. Wiki nzima nilishona nikiwa nimefunga kifundo kwa kipande cha kitenge, na kila nilipokata uzi nilikumbuka kwamba mkono huu ungeweza kuwa wa mtoto, na mdomo uliouvunja ungekuwa wangu. Nyumbani sikumwambia kitu kuhusu kuanguka. Nilimwacha ajiviringishe kwenye mkeka apendavyo, mimi nikatazama sufuria.

Jumamosi iliyofuata alijiviringisha mara nne mfululizo mikono ikiwa imekunjwa, na kocha akamruhusu kupanda sanduku. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Kocha alisimama karibu naye, mkono tayari nyuma ya mgongo wake. Binti yangu alipofika juu aligeuza kichwa akanitafuta kwenye benchi. Nilikuwa nimeuma ncha ya kitenge. Nilimtazama, basi.

Alisubiri kidogo. Kisha akabana kidevu, akakunja mikono kifuani, akajiachia. Mgongo ulitua kwanza, miguu ikapita hewani, akasimama kwenye godoro langu bila kuyumba. Nilifurahi hadi machozi yakanitoka, na sikuyaficha.

Tulirudi nyumbani tukikwepa madimbwi mekundu, tukitafuna karanga. Nilimuuliza kama aliogopa kule juu.

"Niliogopa," alisema. "Kisha nikakuangalia, mama, haukupiga kelele. Ndiyo nikajua sitaumia."