Boila niliyoifunga ilivyoiunguza mikono ya mchumba wangu

Admin, naomba unifichie jina, maana hapa Joburg tunajuana. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na mbili, mzaliwa wa Tanga, naishi Doornfontein. Natengeneza boila za gesi, zile za kupashia maji moto. Kazi nilifundishwa na kaka yangu mkubwa, ambaye pia ndiye aliyenilea baada ya wazazi wetu kufariki, na ndiye aliyenileta huku. Naombeni msinitukane, nimeshatukanwa vya kutosha.

Nilikuwa na mchumba, Mkongo wa Bukavu, fundi cherehani. Akikushonea gauni huwezi kuona sindano ilipopita. Aliishi na mama yake Yeoville, kwenye kanyumba ka uani, na boila yao ilikuwa ukutani jikoni. Winter ya mwaka huu wa 2017 boila ikaanza kuwasumbua: moto unawaka, unakaa kidogo, unazimika wenyewe. Nikaenda kuiangalia. Ndani kuna kijiti kinachohisi moto; kikiuhisi, gesi inaendelea kupita, kisipouhisi, boila inaifunga gesi. Nilikisugua kijiti, nikakagua waya wake, bado. Mwishowe nikaona kauri inayokishikilia imepasuka. Kipuri kilikuwa cha kuagiza. Basi nikaifunga gesi ya boila, nikamwambia mama, "Mama, msiiguse mpaka nirudi. Kwa sasa chemsheni maji kwenye jiko."

Sikujua kwamba mama alimpigia kaka kulalamika baridi. Kaka akaenda bila kuniambia. Akaifungua gesi, akaunganisha waya ili ipite tu, kijiti kiuhisi moto kisiuhisi. Maji yakawa ya moto, mama akamshukuru sana, akadhani mimi ndiye niliyeitengeneza, nikamtuma kaka kuifungulia gesi tu.

Asubuhi moja upepo ukauzima ule moto. Gesi ikaendelea kumwagika jikoni. Mchumba wangu alikuwa na mafua, hakusikia harufu. Aliingia kupika chai, akawasha kiberiti.

Yuko hai, Mungu ashukuriwe. Lakini mikono yake, jamani. Ile mikono.

Nilipokwenda kuitazama boila nikaona waya zilivyounganishwa, nikajua ni kazi ya nani. Nikamfuata kaka kwake, hakukataa. Alikaa kitandani akalia kama mtoto. "Mdogo wangu, nilimhurumia yule mama. Nilisema ni kwa muda tu. Ukinitaja nitafungwa, halafu nirudishwe nyumbani. Wanangu watabaki na nani?" Sikuwahi kumwona kaka akilia, hata siku tuliyomzika baba.

Hospitali mama yake alinisubiri mlangoni, akanifokea kwa Kiswahili cha kwao: "Ni weye njo uliunguza mwana wangu! Nilikuita mwana, nikakupa chakula!" Watu wote wa wodini wakageuka. Nikamwamkia, nikapita. Ndani, mchumba wangu alikuwa amefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko. Akaniuliza taratibu, "Uliniambia umeifunga. Ulinidanganya?"

Nilifungua mdomo, uso wa kaka akilia ukanijia akilini, nikaufumba mdomo. Yeye akageukia ukutani, akasema, "Nenda."

Sasa ametoka hospitali. Vidole haviwezi kushika sindano, cherehani yake wameiuza. Pete aliirudisha kwa mkono wa mama yake. Nimekubali kwamba ndoa haipo. Kinachoniua ni simu aliyonipigia wiki hii. Hakunitukana. Alisema, "Sitaki turudiane. Nataka tu kujua kama yule mtu niliyempenda aliniachia kifo jikoni akijua. Nijibu hilo, nitalala."

Na polisi wameniita nikaandikishe maelezo. Kaka amesikia, tangu jana anakuja kwangu na watoto wake, wananiita baba mdogo, wanakula, wanacheza. Haniombi kitu kwa mdomo tena. Ananitazama tu.

Nikisema ukweli, namfunga mtu aliyejinyima kula ili mimi nisome. Nikinyamaza, huyu dada wa watu ataishi na mikono ile akiamini nilimfanyia makusudi, na mimi nitabeba kesi isiyo yangu. Ndugu zangu mnaosoma, hasa mliolelewa na kaka au dada: mngekuwa mimi, mngeingia kituoni mkamtaja nani? Nishaurini, mimi akili imegoma.