Pumu Yangu Nikiwa Mwali

Wasomaji wa gazeti letu, wakubwa shikamooni, wadogo nawasalimu. Kwanza naomba radhi kwa mwandiko wangu. Nilisoma shule ya misheni miaka mitatu tu, na mkono wangu ni mzito. Ukurasa mmoja unanichukua tangu asubuhi mpaka kuku warudi bandani. Herufi nilizokosea nisameheni. Tena mimi si mtu mzima wa kutoa nasaha. Nasaha zilizomo humu ni za bibi yangu mzaa mama, ambaye hajui kuandika. Kosa lililomo ni langu mwenyewe.

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila ninapovuta pumzi. Nilikuwa mwali, mwezi wa pili ndani. Kwetu huku milimani Uluguru msichana akivunja ungo huwekwa ndani, haonwi na wanaume, hasemi kwa sauti, anafundishwa mambo ya kikubwa mpaka siku ya kutolewa. Mimi nilikuwa nafundishwa na mama mkubwa, dada yake mama. Chumba changu kilikuwa nyuma ya mafiga, na juu ya mafiga palikuwa na uchaga wa mahindi. Moshi unaachwa kupanda juu kwa makusudi, ili wadudu wasile mahindi. Kwa mahindi ni dawa. Kwa kifua changu ulikuwa adui, nami nilijua hivyo tangu utotoni, maana shuleni wenzangu waliniita Filimbi kwa jinsi nilivyopiga mluzi nikipumua.

Lakini nyumbani sikumwambia mtu. Nilikuwa nimemsikia mama mkubwa akisema kwamba msichana mwenye kifua kibovu haolewi. Nikaazimia kumaliza uwali wangu kimya, nitoke kama wenzangu, na pumu ife yenyewe. Hilo ndilo kosa langu, mdogo wangu unayesoma.

Siku hiyo akida, mtu wa serikali, alipanda kutoka Morogoro na askari wawili, wamekuja kuhesabu nyumba za kijiji. Mjomba, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu, akawakaribisha barazani. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu na kuni zote zilikuwa mbichi. Mama mkubwa akazipanga mafigani hivyo hivyo ili apikie wageni, akaja kuninong'oneza mlangoni.

"Wee mwali, ole wako nikusikie hata kupiga chafya. Wanaume wako nje."

Moshi ukaingia. Kifua kikabana kama mtu amekifunga kamba. Watu hudhani mwenye pumu hawezi kuvuta pumzi. Mimi nawaambia kuitoa ndiko kugumu zaidi. Unavuta kidogo, haitoki, unavuta tena juu ya ile iliyobaki. Nikakohoa ndani ya kaniki yangu. Nikaiuma kwa meno. Nje namsikia akida anacheka, anamwuliza mjomba kama kuku wa kwetu huwa wanakufa kwa uzee au wanaliwa. Nikawaza, akimaliza kula ataondoka. Nitapumua akiondoka.

Sikufika huko. Macho yaliingia giza, nikaangukia chungu cha maji kikapasuka.

Bibi alikuwa uani anapukuchua kunde. Akaingia, hakuuliza neno, akanishika kwapani akaniburuta mpaka nje kweupe, mbele ya askari na kila mtu.

"Mama!" mama mkubwa akapiga kelele. "Mwali huyo! Wanamwona!"

"Na wamwone."

"Mila je?"

"Mila imesema mwali akae ndani," bibi akasema. "Haikusema afie ndani. Lete maji ya moto, acha kusimama hapo."

Mjomba, Mungu amweke, akasimama haraka. "Bwana akida, twende tukaanze na zile nyumba za bondeni," akasema, akawageuza wageni wote migongo.

Bibi hakunilaza. Nilitaka kulala, akakataa. Alinikalisha, akaniinamisha mbele kidogo, viwiko juu ya magoti, akanilegeza kaniki kifuani. Jirani walipokuja kunizunguka akawafukuza: "Mnamlia hewa yake!" Akaniambia nibane midomo kama anayepuliza kaa la moto, nitoe pumzi polepole, ndefu kuliko niliyovuta. Yeye mwenyewe akapuliza pamoja nami, puu, puu, mpaka nikamfuata. Maji ya moto niliyanywa kidogo kidogo nilipoweza kumeza. Jua lilikuwa limekwisha vuka kilele niliposema neno la kwanza.

Kisha akanigombeza.

"Ulijua una hili?"

"Nilijua, bibi."

"Tangu lini?"

"Tangu mdogo."

"Ukanyamaza."

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini? Umeiba? Mwanangu, mimi nilidhani una adabu, kumbe unanificha. Mtu anayemficha bibi yake pumzi, atamwambia nini kingine?"

Nililia, na kulia kukaanza kunibana tena, akaniamuru niache. Akasema tusiiogope pumu, tuijue tabia yake. Akanipa kipande cha mkaa. Kila kifua kinapobana nichore mstari ukutani, na kando yake nichore kilichotokea siku hiyo. Mimi nilijua herufi, nikaandika. Bibi akanitazama ninavyoandika polepole, akasema hana haraka.

Tulichora mpaka ukuta ukajaa. Kuni mbichi zilikuwa na mistari mingi kuliko vyote. Jamvi kuukuu likikung'utwa ndani, mstari. Ukungu wa asubuhi ukishuka kutoka mlimani, mstari. Wakati watu wanachoma mashamba huko chini, mistari minne kwa juma moja. Kicheko kikali nacho kilikuwemo, na mafua. Lakini kunde, ambazo mama mkubwa alinikataza baada ya siku ile akisema ndizo zinazoziba kifua, hazikuwa na mstari hata mmoja. Nikarudishiwa kunde zangu.

Baada ya hapo bibi akaamuru mafiga yahamishiwe kibandani nje. Mama mkubwa hakupenda. Mahindi ya mwaka ule yaliingiwa na wadudu kweli, na kila alipopepeta alisema, "Haya, kuleni pumu ya mwali." Nilivumilia, kwa sababu alisema kweli, na kwa sababu nilikuwa nalala usiku kucha bila kukaa kitako. Jamvi langu lilianikwa juani kila siku. Kulipokuwa na ukungu nilijifunika pua kwa nguo. Pumu haikwisha, lakini haikunikuta tena nikiwa sijui inatoka wapi.

Ikafika siku ya kutolewa. Nilipakwa mafuta, nikavikwa shanga, nikakalishwa katikati ya uwanja. Mwali siku hiyo huinamisha uso, hasemi, ngoma ndiyo inasema. Watu walicheza mpaka vumbi likapanda likafunika miguu yao. Nikasikia ule mluzi unaanza kifuani. Mdogo wangu, watu walikuwa wengi, na familia ya kijana aliyetaka kunichumbia ilikuwa imekaa mbele yangu. Nilijua wakisikia wanaweza kuondoka. Nikainua mkono, nikainua na uso.

"Simamisheni ngoma," nikasema. "Nina pumu. Mwagieni uwanja maji."

Ngoma ikanyamaza. Mzee mmoja akasema, "Makubwa! Mwali anatoa amri!" Watu wakacheka, nami nikabaki nimeinua uso, napuliza polepole. Wa kwanza kuinuka alikuwa mama mkubwa. Alichukua mtungi akaanza kumwaga maji, akawafokea wanawake wengine: "Mnatazama nini? Hamjasikia alivyosema?" Vumbi likalala. Nikapumua. Nikawaambia wapigaji waendelee.

Ile familia haikurudi kwetu tena. Sikufa kwa hilo.

Sasa nakuandikia wewe ambaye kifua chako kinapiga mluzi, na wewe unayeishi na mtu wa namna hiyo. Pumu haiambukizi, wala si laana, wala si uvivu. Sema unayo kabla haijakubana, maana ikikubana huna sauti. Jua kinachoiamsha kwako. Cha mwenzako chaweza kuwa kingine. Ikija, toka kwenye moshi, kaa, usilale, toa pumzi polepole. Midomo ikigeuka rangi, au mtu akishindwa kusema neno, msingoje: mbebeni mpelekeni kwa mganga wa misheni au wa mjini, hata kama ni mwali, hata kama ni mchana mbele za watu. Na ninyi mnaofundisha wali, waulizeni vifua vyao siku ya kwanza, msiwangoje waanguke.

Mungu awape pumzi ndefu, awape na watu wa kuwasikia.

Nawaomba mniandikie kupitia gazeti hili. Niambieni kwenu pumu huamshwa na nini na mnaituliza vipi. Nitasoma polepole, lakini nitasoma zote, na bibi nitamsomea.