Maziwa ya Bihogo na Samaki wa Bumbire

Nilipokuwa mtoto kule Muleba, wakati wa Mwingereza, nilikuwa na kazi moja niliyoiringia kuliko gauni la Krismasi: kufukiza vyombo vya maziwa. Bibi, mama yake Tata, yaani baba yangu, alikuwa na vyombo vitatu vya mti, kila kimoja tukikiita kyanzi, vyeusi kwa uzee. Kila alasiri niliteremka rweya, kwenye uwanda wa nyasi chini ya vibanja vya migomba, nikachuma nyasi alizonionyesha mwenyewe. Niliziweka juu ya makaa kwenye kigae, kisha nikafudikiza kyanzi juu yake mpaka moshi ukaingia ndani ya mti. Tata alipokwisha kukamua, maziwa yalikuwa na ladha iliyowafanya wageni waombe tena. Bibi aliwaambia, "Moshi huu ni wa Paskazia." Nilikuwa na miaka tisa na sikuhitaji sifa nyingine duniani.

Basi akaja Zuhura.

Alikuwa mtoto wa shangazi yangu, aliyeolewa na fundi cherehani Mwislamu wa Miembeni, Bukoba mjini. Aliletwa na lori kukaa nasi likizo nzima. Tulikuwa rika moja, lakini yeye alikuwa na ndara, na Kiswahili chake kilimtoka kama cha mwalimu. Alipomwamkia Bibi aliubusu mkono wake. Sisi hatukuwa tukibusu mikono. Nilimwona Bibi akiutazama mkono ule baadaye, akitabasamu peke yake, na roho ikanichoma.

Jioni ile Zuhura alionja maziwa akakunja uso. "Bibi, mbona yananuka moshi? Kwetu yanachemshwa, yanatiwa iliki."

Nilifurahi. Kwa Bibi, kuchemsha maziwa ilikuwa ni kumuunguza ng'ombe mwenyewe kiwele, hata akiwa mbali malishoni. Nikangoja Zuhura akemewe. Badala yake Bibi akacheka mpaka akafuta machozi. "Kila kwao na maziwa yao, waitu. Utayazoea, mwana wange."

Akayazoea upesi mno. Siku ya tatu aliomba kikombe cha pili. Siku ya tano alimfuata Bibi kwenye kigae, na siku ya sita nilirudi na nyasi zangu nikamkuta amekikumbatia kyanzi, moshi unampanda usoni.

"Mwache mwenzako ajifunze," Bibi aliniambia. "Wewe umeshajua. Njoo tumenye ndizi."

Kumenya ndizi! Kazi ya yeyote mwenye vidole. Na jirani alipopita jioni, Bibi akamkaribisha, "Onja moshi wa Zuhura." Sisemi kwamba nilihuzunika. Nilimchukia. Nililala naye kitanda kimoja, nikasikiliza pumzi zake, nikitamani lori lirudi kumchukua hata usiku uleule.

Bibi ndiye aliyenipa silaha bila kujua. "Mwambie mwenzako miiko ya maziwa yote," alisema, "asije akatuharibia Bihogo." Bihogo alikuwa ng'ombe wetu mwekundu. Nikamketisha Zuhura, nikamweleza: maziwa hayachemshwi, hayatiwi kwenye bati, hayamwagwi motoni. Mwiko mkubwa kuliko yote nikaumeza. Aliyekula samaki hanywi maziwa siku hiyo, maana chuchu za ng'ombe zitapasuka na kutoa damu.

Juu ya meko yetu palikuwa na samaki wakavu kutoka kisiwa cha Bumbire, ambao rafiki yake Tata alikuwa amewaleta, wakingoja Ijumaa. Nilivunja kipande, nikamwita Zuhura kibanjani nyuma ya migomba. "Kula," nikasema.

"Anza wewe," akajibu. "Isije ikawa tunaiba halafu nikaonekana mwizi peke yangu."

Sikuwa nimelipanga hilo. Ningekataa, angeshtuka. Nikala. Akala. Jioni vikombe vilipogawiwa ningeweza kusema tumbo linauma, lakini Bibi angeniuliza maswali, na macho yake yalikuwa hayadanganyiki. Nikanywa. Zuhura akanywa, akaramba mdomo.

Baada ya siku mbili Tata alirudi kutoka kukamua, na maziwa yalikuwa na wekundu. Chuchu mbili za Bihogo zilikuwa zimepasuka, na alikuwa amempiga Tata teke.

"Nani amechanganya?" Bibi akauliza.

"Kuchanganya nini, Bibi?" Zuhura alisema.

"Samaki na maziwa."

Zuhura akanitazama. Mimi nikatazama mafiga.

"Ni mimi, Bibi," akasema. "Nilikula samaki. Sikujua."

"Hukuambiwa?"

"Labda niliambiwa nikasahau."

"Ulikula na nani?"

"Peke yangu."

Mtu angedhani nilishukuru. Wapi! Nilizidi kuona wivu. Hata kwa wema alikuwa amenishinda, tena mbele ya Bibi. Bibi hakumgombeza. Alimkataza tu kushika kyanzi na kunywa maziwa mpaka Bihogo apone, na likizo ikaisha kabla hajapona. Zuhura aliondoka na lori bila kuonja tena.

Mimi nilikuwa nimerudishiwa kigae changu tangu siku ile alipokatazwa. Maziwa yalikuwa yamepungua, lakini Bibi alinijazia kikombe. Nikanywa. Yalikuwa maziwa tu. Naye Bibi alionja ya kwake, akasema, "Moshi wako umebadilika, Paskazia." Hakuwasifia wageni moshi wangu tena.

Nilipokuwa mtu mzima, bwana mifugo alinieleza kwamba chuchu hupasuka kwa jua la kiangazi na meno ya ndama, na kwamba ladha ya maziwa hutofautiana kwa majani, maji na chombo. Ninamwamini. Lakini mpaka leo siwezi kuweka samaki na maziwa kwenye meza moja.

Zuhura sasa ni bibi wa watu, yuko palepale Miembeni. Juzi nilimpelekea kidumu cha maziwa ya Muleba. Akaonja, akatikisa kichwa.

"Siyo haya. Ya Bibi yalikuwa matamu, dada! Zile siku nilizokatazwa nilikuwa nakaa nje nasikia moshi wako, mate yananijaa. Sijapata tena kitu kama kile."

Ndipo nikasema, baada ya miaka yote ile. "Zuhura, nilikuambia miiko yote ila mmoja. Makusudi."

"Najua," akasema, akijimiminia tena. "Ulikuwa unatetemeka ukitafuna."

"Sasa mbona hukunitaja?"

"Mimi nilikuwa narudi kwetu. Wewe ungebaki pale."

Alikunywa taratibu, macho ameyafumba, akitafuta ladha ya Bibi ndani ya kidumu changu. Nami nilikaa nikimtazama, mimi mwanamke mzima mwenye mvi, nikimwonea wivu. Yeye aliyenyimwa bado anaikumbuka ladha ile. Mimi niliyekunywa kila jioni nakumbuka sifa tu.