Siku Niliyopakwa Mafuta Nikapimwa kwa Kamba

Harufu ya kresili ikinipata puani, hata leo, natafuta mlango. Ni ile dawa nyeusi ya kusafishia ambayo ikitiwa majini inakuwa nyeupe kama maziwa, na wafagiaji wa hospitali huimwaga sakafuni kila asubuhi ili kufukuza harufu nyingine zilizo mbaya zaidi. Haizifukuzi. Inazikalia tu juu, kama mtu mnene kwenye gunia la viazi vilivyooza, na zote zinatoka pamoja. Mimi nimefika mbali kuliko watu wengi wa kwetu. Nimekula Dubai, nimelala Guangzhou bila kujua neno moja la Kichina, nikarudi Butembo na makontena yamejaa. Nina malori manne kati ya Kasindi, Beni na Butembo, na sikurithi hata tairi moja. Nimeishia darasa la tano, na wale waliokuwa wa kwanza darasani wanakuja leo ofisini kwangu na kofia mkononi. Lakini nikikaa katika mgahawa mzuri kabisa wa Dubai, wakaniletea saladi yenye mafuta ya zeituni, nasukuma sahani. Kresili na mafuta ya zeituni: hizo ndizo harufu mbili za msimu ule nilipoagwa kabla sijafa.

Nilikuwa na miaka tisa, nchi bado inaitwa Zaïre. Tulikaa Masereka, kule juu ambako baridi ya alfajiri inauma vidole na watoto wanakwenda shamba la viazi wamejifunga blanketi mabegani. Jipu lilinitoka pajani, ndani kabisa, karibu na mfupa. Wakaweka majani, wakaweka mavi ya ng'ombe ya moto (naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa), na paja likavimba mpaka likalingana na kiuno cha mtu mzima. Baba alikuwa mbali, msituni upande wa Beni, akipasua mbao. Mama alikuwa amejifungua wiki ile ile na hakuweza kusimama. Wazee walisema asiyekuwepo na lake halipo, na kweli, mambo yangu yakaangukia mikononi mwa shangazi Kavugho, dada mkubwa wa baba, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza na rozari shingoni. Wanaume wanne walinibeba kwa kipoyi, kile kiti cha miti cha kubebea wagonjwa, mpaka hospitali ya misheni. Shangazi alitufuata nyuma na sufuria kichwani, kwa sababu hospitali zetu hazimpikii mgonjwa. Ndugu yako ndiye anayekupikia, ndiye anayekufulia, na ndiye anayekwenda kwenye dirisha la dawa na karatasi ya daktari, kuleta kichupa cha penisilini. Asubuhi kichupa, jioni kichupa. Kichupa kikifika, muuguzi anadunga. Kisipofika, anapita. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na maisha yangu yalining'inia kwenye miguu ya shangazi, kati ya kitanda na dirisha.

Chumba kilikuwa na vitanda kumi na viwili na watu zaidi ya thelathini. Daktari alipopasua jipu, usaha ulitoka bakuli zima, na harufu yake ilikaa siku nyingi kwenye godoro, kwenye nywele zangu, kwenye ugali. Nzi walijua kitanda changu kuliko kingine chochote. Jirani yangu wa kulia alikuwa mtu wa Beni, Mwislamu, jina lake Ramazani, msafirishaji wa kahawa. Lori lake, kamyo kama alivyoliita, lilipinduka mlimani likamvunja paja, wakamfunga kamba mguuni, kamba ikapita juu ya chuma, na upande wa pili wakatundika mawe ili kuuvuta mfupa. Hakuweza kushuka kitandani hata kwa haja. Lakini mdomo wake haukuvunjika. Alizoea kupiga kelele kuliko injini, basi hata salamu yake ilisikika mpaka jikoni. Kila muuguzi alipopita alimwuliza, "Docteur, ile mawe ni yangu ao ni ya Serikali? Nikipona nitaenda nayo!" Mimi nilicheka, kisha paja likanikumbusha.

Siku ya sita homa ilipanda nikaanza kuita watu waliokufa zamani. Shangazi akatuma habari parokiani. Padri alikuja kwa pikipiki saa nne asubuhi, kijana wa kwetu kabisa, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Akavaa ile stola, utepe wa zambarau wa shingoni, akafungua kikopo kidogo cha chuma chenye pamba iliyolowa mafuta ya zeituni. Mafuta yale sijui yalikaa humo miaka mingapi. Yalinuka uchachu, kama njugu zilizoota ukungu. Akanipaka kwenye paji la uso, akanipaka viganjani, akasali vizuri, sauti ya upole, akafunga kikopo, akapanda pikipiki. Sala yenyewe ilisema Bwana akuokoe na akuinue. Nilisikia kwa masikio yangu: akuinue! Lakini kwetu nani alisikiliza maneno? Kwetu mafuta ya padri yalikuwa na maana moja tu. Akipakwa mtu, basi, jina lake limeshaitwa huko juu, na anayemrudishia dawa anagombana na Mungu mlangoni pake.

Pikipiki haijamaliza kunguruma, shangazi Kavugho alifungua kitenge chake, akatoa kamba ya katani. Akaiweka ncha moja utosini pangu, akaivuta mpaka kisiginoni, akafunga fundo. Alinipima, bwana! Alinipima ubao wa sanduku la kuzikia na macho yangu yako wazi, namwangalia. Machozi yalimtiririka, hilo siwezi kumnyima, lakini fundo alilikaza kwa meno. Akampa kamba binamu yangu aliyekuja na viazi, ampelekee seremala. Na kwa kuwa binamu alikuwa pekupeku, akamvalisha viatu vyangu vya plastiki, vipya, vya bluu, nilivyopewa na baba Krismasi. Kufa kufaana, wanasema. Nilivisikia vikienda, kwap, kwap, kwap, mpaka nje. Homa ile imenisahaulisha mengi lakini mlio huo haukusahaulika.

Jioni ile kichupa hakikuja. Muuguzi alifika na sindano tupu, akamtazama shangazi. Shangazi akasema, "Padri alisha pita." Na muuguzi, mtu mwenye diploma, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi, akafanya ishara ya msalaba, akasukuma kitoroli chake mpaka kitanda cha pili. Nimekutana na wezi wa mpakani, nimekutana na askari wanaofungua mizigo kwa kisu, lakini sijaona kitu kilichonichukiza kama msalaba ule. Ramazani ndiye aliyekataa kunyamaza.

"Mama, dawa ya mutoto iko wapi?"

"Papa Ramazani, bamesha kumupaka mafuta."

"Niliona. Mais dawa iko wapi?"

"Bamesha kumupaka, nakuambia! Tutapigana na Mungu?"

"Kwetu kamyo tukiipaka mafuta ni ili itembee! Nyinyi munaipaka, kisha munaondoa magurudumu?"

Watu wengine walicheka, wengine wakamwambia anyamaze, ni mambo ya Wakatoliki. Akanigeuzia uso, akaniita kwa sauti ya chini, ya kwanza niliyoisikia kutoka kwake: "Kambale. Hapana lala. Unihesabie mawe." Nikahesabu mawe ya mguu wake. Yalikuwa saba. Kila nilipofunga macho aliniuliza tena.

Siku iliyofuata ikapita bila kichupa, asubuhi na jioni. Paja likaanza kunuka upya, harufu tamu, ya ndizi zilizopondeka. Shangazi alikaa sakafuni akisali rozari bila kunitazama, na uji hakunipa, maana uji nao ungekuwa ugomvi na Mungu. Asubuhi ya tatu padri akarudi. Hakurudi kuniona. Alirudi kuuliza mazishi yatakuwa saa ngapi, kwa sababu alikuwa na misa nyingine Musienene. Aliingia na daftari lake, akawa anatafuta kitanda chenye shuka juu ya uso.

Ramazani akapaza ile sauti ya mlimani: "Mon père, unatafuta maiti? Maiti iko pale, inakuangalia!"

Padri akageuka. Tukaonana, mimi na yeye. Akauliza nimepewa dawa gani, muuguzi akamwonyesha shangazi kwa kidole, na shangazi akasimama akajibu kwa heshima, mikono kifuani, kama mtoto wa katekisimu anayejua somo lake: "Mon père, wewe ulisha mutuma. Sisi tutamurudisha na nini?"

Yule kijana aliketi ukingoni mwa kitanda changu, juu ya ule uchafu wote, na kanzu yake nyeupe. Nadhani alijua tangu utoto wake kwamba watu wetu huogopa mafuta yale. Hakuwahi tu kubaki ili aone kinachofuata, maana siku zote pikipiki ilikuwa inamngoja. Kisha akamwomba shangazi ile karatasi ya daktari, akaenda mwenyewe dirishani, akarudi na vichupa mfukoni mwa kanzu, vinagongana. Muuguzi alipodunga, padri ndiye aliyenishika mguu, na nilimpiga teke la kifuani kwa mguu mzima. Ramazani akapiga makofi: "Mwangalie maiti wenu anavyopiga!"

Nilikaa hospitali mpaka viazi vya msimu uliofuata vikachimbwa. Katika muda huo nilimwona padri yule akija mara nyingi, na desturi yake ilikuwa imegeuka. Akiitwa kwa mgonjwa, hakufungua kikopo. Aliuliza kwanza: "Dawa iko wapi? Muniwekee hapa mezani niione." Ndugu wakisema hakuna, anakaa, anangoja mmoja aende dirishani arudi. Dawa ikiwa mezani ndipo anavaa stola, anapaka, na akimaliza anamwita muuguzi adunge mbele yake, sala bado haijapoa. Watu walimnung'unikia, walisema huyu padri hana imani. Mimi nasema hakuna imani niliyoiona inayoshinda ile, na mimi si mtu wa kusifu watu ovyo.

Leo hospitali za Butembo zina sakafu ya vigae. Katika ile ambayo mimi mwenyewe nimeipa magodoro (waulize, wanajua), daktari anapita asubuhi pamoja na padri wa wagonjwa. Mmoja anasoma karatasi ya homa, mwingine anamuuliza mgonjwa analala vipi na anaogopa nini. Ni kitu kizuri. Lakini ukitoka nje ya geti, hatua mia moja tu, kuna vibanda vya maombi ambako mtu anaacha vidonge vyake mlangoni kama viatu, na mafuta yanauzwa kwa chupa, yamebandikwa picha ya mchungaji mwenye tai nyekundu. Nikipita nafunga kioo cha gari. Nilijiona mimi nimeshatoka kwenye ujinga huo, nimeuacha kule Masereka na ile kamba.

Mwaka jana shangazi Kavugho aliugua mapafu, tukamlaza kwenye hospitali hiyo hiyo. Nilikuwa Beni nasimamia mzigo, kijana wangu akanipigia simu: "Papa, padri anaenda kumupaka bibi mafuta." Nikakata simu. Na kabla sijaingia garini, nisikilize vizuri msomaji, kabla sijauliza dawa gani anapewa, nilikuwa nimeshampigia seremala. Akaniuliza, "Patron, urefu gani?" Nikafumba macho, nikamwona shangazi amesimama na sufuria kichwani, nikamtajia urefu wake. Sikuhitaji hata kamba. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa na malori manne na simu mbili.

Nilipofika nilimkuta ameegemezwa kwenye mito, anakunywa uji. Mezani dawa zilikuwa zimepangwa kwa mstari, na kwenye paji la uso bado mafuta yanang'aa. Alinishika mkono kwa vidole vyake vikavu, akanivuta karibu, na macho yake yalikuwa na woga ambao niliujua, kwa sababu uliwahi kuwa wangu.

"Kambale. Bamesha kunipima?"

"Hapana, shangazi," nikasema.

Nikatoka uani kumpigia seremala. Akaniambia, "Patron, mbao nilisha kata." Nikamwambia basi anitengenezee meza. Alitengeneza kwa zile zile, hakuongeza wala hakupunguza. Iko nyumbani kwa shangazi, kando ya kitanda chake, na vidonge vyake vyote vinakaa juu. Ni meza mbaya, ndefu na nyembamba, na kila nikiitazama naiona ile kamba. Wageni wote wanauliza ni fundi gani wa ajabu aliyetengeneza kitu cha namna hii. Mimi naangalia dirishani. Shangazi ndiye anayewajibu, huku ananitazama mimi:

"Muache tu. Huyu Kambale hata kupima hapana jua. Imenipita shibiri nzima."