Mtumbwi wa Maji ya Rangi

Niliolewa kijiji kilicho juu ya kwetu, kwenye mto uleule wa Tana, karibu na Garsen, miaka ile Wadachi, hao Wajerumani, wangali Witu. Maana yake ni kwamba chochote kilichomwagwa mtoni na wakwe zangu kilimfikia mama yangu siku hiyohiyo. Wenzangu walikwenda kwa waume wakiwaza vyungu na mikeka. Mimi niliwaza maji.

Mama mkwe alisuka mikeka ya ukindu iliyosifiwa hadi Kipini. Kutoka hukohuko Kipini yaliletwa magome ya mkoko, nasi tuliyachemsha mpaka maji yakaiva wekundu, tukachovya ukindu humo. Maji yaliyobaki yalikuwa makali, samaki hawayawezi. Basi hayakumwagwa mtoni asilani. Mbali kidogo na ukingo, juu ya magogo, ulilazwa mtumbwi mkuukuu uliojazwa mchanga, majivu na makaa, na matete yamepandwa juu yake. Tuliyamimina maji upande mmoja, yakajipenyeza humo polepole, yakatoka upande wa pili kwenye tundu, tone kwa tone, hadi kwenye migomba. Mchanga ukichoka, tuliufukia mbali na kutia mwingine.

Kazi ya kuutunza mtumbwi huo niliidaka mwenyewe. Mama mkwe alinicheka: "Mkaza mwana, mamba wenyewe hawaulindi mto kama wewe!" Nami nilimjibu kwamba mamba hana mama huko chini. Alicheka mpaka akashika mbavu. Nampenda mpaka leo kwa kicheko kile, na lile tone likidondoka kwenye majani ya mgomba, ningeacha vingi nilisikie tena.

Ikaja kiangazi, mto ukapungua hata ukaonyesha mifupa yake. Siku hiyo nilikwenda shamba alfajiri. Huku nyuma, mchunga ng'ombe wa Kiorma akaita kutoka ng'ambo: mkewe ana uchungu wa kuzaa na mtoto hatoki. Kwetu anayeita ng'ambo hanyimwi mtumbwi, awe nani. Mtumbwi mzima alikuwa nao shemeji yangu uvuvini. Mume wangu hakufikiri mara mbili. Aliuburuta ule mkuukuu mpaka majini, akaupindua, mchanga wote na uchafu wake ukaingia mtoni. Tundu akaliziba kwa udongo na kitambaa, akavuka kumleta yule mke.

Niliporudi, jua la utosi, yule mama wa ng'ambo alikuwa nyumbani mwetu ameshajifungua salama, na mtoto analia kwa nguvu. Nilifurahi, nisiseme uongo. Kisha nikaona magogo matupu.

"Maji yakimwagika hayazoleki," mume wangu alisema, macho chini.

"Na mama yangu akiyanywa?"

Sikungoja jibu. Nilishika njia ya ukingoni kuelekea kwetu. Kando yangu maji yalikuwa mekundu, na kambare wameelea matumbo juu. Nilikuwa nikimtukana mume wangu, kisha namkumbuka yule mtoto, namwomba mume radhi, kisha namtukana tena. Nilijiona nikifika na kuukuta mlango wa mama umejaa watu.

Jua lilikuwa limeanza kuinama nilipomwona mtu anakuja mbio, kichwa wazi, miguu mitupu. Alikuwa mama. Hakunisalimu. Alinishika uso, akanipapasa mabega na mikono, kama anayekagua mtoto aliyeanguka mtini.

"Mama, umeyanywa?"

"Sijayagusa," alisema, na hapo ndipo machozi yakamtoka. "Miaka yote hii nikiteka maji safi, najua mwanangu yuko huko juu, mzima. Leo nimeyaona mekundu, nikajua umekufa. Nilikuwa naja kukuzika."