Kiti cha Upande wa Dirisha

Nilipokuwa mtoto, jikoni kwetu Hayes palikuwa na kiti ambacho hakuna aliyekikalia. Kilikuwa kiti cha mama, upande wa dirisha. Tulikuja Uingereza miaka michache baada ya mapinduzi, mimi, baba, mama na bibi mzaa baba. Baridi ya kwanza tu mama akaugua kifua, hakuinuka tena. Tukamzika huku huku, katika ardhi ngumu. Mungu amrehemu. Baba hakusema kiti kiondolewe, wala hakusema kikaliwe. Tulikizunguka tu, kama unavyomzunguka mtu anayeswali.

Baba alifanya kazi ya usiku kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege. Nikiamka kwenda shule, yeye amelala. Jioni, nikimaliza kusoma Kurani na bibi, yeye anafunga viatu. Hakuwa mkali. Alikuwa kimya, na kimya chake kilinifanya nidhani kwamba mama alipoondoka aliondoka na maneno yake yote.

Mlango wa pili waliishi watu wa Jamhuri ya Dominika, Mzee Ramoni na familia yake. Nyumba yao ilikuwa na makelele ya raha. Kila Jumapili, wakishamaliza kula, vyombo vilitolewa na ubao wa sataranji ukawekwa mezani. Kila mtu alicheza: mke akiwa na mwiko mkononi, mabinti, hata mama mzaa mume ambaye hakuwa akiona vizuri, akazipapasa kete kwa vidole ili azitambue. Walitaniana mchezo mzima.

"Huyo farasi wako ana njaa," Mzee Ramoni alimwambia mkewe. "Mpe majani kabla sijamla."

"Wewe mlinde malkia wako," mke akajibu. "Ndiye pekee anayekuvumilia."

Waliniambia kwamba kwao wengi hupenda dhumna, lakini ukoo wao ni wa sataranji tangu babu yao. Wakanifundisha; mwendo wa farasi Mzee Ramoni aliniimbia, "Mbili mbele, moja kando." Nilipoujua mchezo, wakanipa ubao wao wa zamani, kete zake zimebanduka rangi.

Nikaupeleka nyumbani, na nyumbani hapakuwa na wa kucheza naye. Bibi alisema mikono yake ina tasbihi. Basi nikauweka mezani, mimi upande wangu, na upande wa pili kiti cha mama. Nikisogeza kete yangu, nazunguka nasogeza ya kwake.

Bibi akanikuta. "Wee Zuhura! Unacheza na nani?"

"Na mama."

Akaacha kuosha mchele. "Kiti kitupu hakichezewi, mjukuu wangu. Ukikikaribisha sana, kitapata mtu wa kukikalia. Na atakayekuja, si wewe utakayemchagua."

Alikuwa akisema kweli kwa imani yake. Kwao hata godoro la marehemu lilikunjwa, asije asiyealikwa akajilaza. Niliogopa. Lakini nilitamani zaidi kuliko nilivyoogopa. Jioni ile nikamsogeza askari wangu, nikaziacha kete za mama zilivyo, nikaenda kulala.

Asubuhi, askari mmoja wa upande wa dirisha alikuwa amesogea.

Sikumwambia mtu. Niliona kwamba nikisema, hatakuja tena. Tangu siku ile nikawa naamka kabla ya kuamshwa, na kila nikiingia jikoni nakuta kete moja imehama. Shuleni, ambako hakuna aliyekaa nami wakati wa chakula, niliwaza nitacheza nini jioni.

Mgeni wangu hakuujua mchezo. Mara askari wake alimruka askari wangu akamla, kama kwenye drafti, na wangu nikamkuta amelazwa kwa adabu karibu na kopo la sukari. Nikarudisha kila kete mahali pake, bila hasira. Nilijiambia kwamba pengine huko alikokwenda mama hakuna wa kumfundisha. Kisha makosa yakapungua. Nikafurahi: mama anajifunza. Kila baada ya swala nikamwomba Mungu asimkataze kuja.

Lakini bibi naye alikuwa na macho. Alizitazama kete, akanitazama mimi. "Basi," akasema. "Kesho ubao huu unarudi kwa wenyewe."

Nikajua nimebakiwa na nafasi moja ya kumwona. Alfajiri niliamka, nikasimama nyuma ya mlango wa jikoni, nikachungulia.

Kiti kilikuwa na mtu. Alikuwa baba. Koti la kazi bado alikuwa nalo mwilini, limelowa mvua mabegani, na kofia yake iko gotini. Alikuwa amemshika farasi hewani, akinong'ona, "Mbili mbele, moja kando. Mbili mbele, moja kando," maneno yale yale ya Mzee Ramoni.

Nikalia bila sauti. Watu walimzika mama mapema, mimi nilimzika asubuhi ile. Mkono uliolowa maji ya udhu ukanigusa bega.

"Nilikwambia kitapata mtu," bibi akaninong'oneza. "Mwache amalize."

Ubao haukurudishwa. Baadaye mke wa Mzee Ramoni aliniambia, huku akicheka, kwamba baba alikuwa akigonga mlango wao mchana nikiwa shule, badala ya kulala, aombe kufundishwa. "Mwanafunzi mgumu, baba yako! Kila askari kwake ni chura."

Mimi na baba hatukulizungumza kamwe. Tulicheza hivyo hivyo, yeye alfajiri, mimi jioni. Hata nilipoolewa nikahamia Wembley, nikija kumtazama nilisogeza kete yangu nikaondoka, na safari nyingine nakuta amejibu.

Rajabu iliyopita baba alifariki. Hitima ikaisha, watu wakatawanyika, nikabaki peke yangu katika nyumba ile. Nikaswali alfajiri, kisha nikaingia jikoni kutazama ubao kabla hata ya kuweka maji ya chai. Zamu ilikuwa yake. Hakuna kilichosogea.

Watoto wangu hucheka nikiwahadithia maneno ya bibi, na hunijibu kwa Kiingereza. Sibishani nao. Dini yangu imenifunza kwamba marehemu hawarudi kusogeza kete. Lakini bibi hakukosea. Kiti kilipata mtu, na si mimi niliyemchagua. Mimi nilimtaka mwingine, na Mungu akanipa aliyekuwapo.

Asubuhi ile nikamsomea baba Fatiha. Kisha, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikakaa katika kiti cha upande wa dirisha. Kutoka pale, alipokaa baba kila alfajiri, niliuona ubao, na ng'ambo ya ubao kiti changu, kimesukumwa vizuri chini ya meza, na nyuma yake mlango wa chumba nilicholala utotoni, umefungwa.

Miaka yote ile nilidhani ni mimi niliyekuwa nikicheza na kiti kitupu.